Kuulizwa ni Haki, na Jibu ni Amana

Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa harakati zetu mbele ya wanaharakati na waumini, Kisiwani Mombasa

Bwana Mwenyekiti, wachungaji na mapadri wetu, masheikh mlioitikia mwaliko wetu, akina mama wa vikundi vya kanisa, vijana, mabibi na mabwana:

Mmetuita tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa sikio la haraka huonekana dogo. Je, tutumie michango yetu kuiajiri kampuni ya utafiti, ipite nyumba kwa nyumba ikiwauliza wakazi wa Kisiwa hiki kuhusu maji, taka, mitaro, taa za barabarani na zahanati?

Katika vikao vilivyopita tumesikia kauli mbili. Wa kwanza wamesema kwamba huo ni upotevu wa fedha, kwani nani katika Mji wa Kale au Majengo asiyejua kuwa mifereji hukauka na taka hurundikana? Wa pili wamesema kwamba kampuni ina wataalamu, basi tuikabidhi kazi yote, tungoje ripoti. Sisi twasema kila upande umeshika kipande cha ukweli na kukiacha kingine. Utafiti ni wa lazima. Lakini utafiti tunaoukabidhi kwa wengine kama mzigo wa hamali hautakuwa sauti ya wakazi. Utakuwa sauti ya aliyelipa.

Kura ni swali moja kwa miaka mitano

Turudi nyuma kidogo, maana harakati hizi zina ukoo wake. Mwaka 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1988 wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea wao. Wengi wetu tunakumbuka, au tumesimuliwa na wazazi wetu, jinsi mlolongo mrefu ulioonekana kwa macho ulivyoweza kugeuka mfupi ulipotangazwa. Wakati ule watu wa dini walikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kusema mimbarini kwamba hesabu ile ilikuwa uongo. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika mwisho wa mwaka 1992.

Tulikuwa tukidai nini, ndugu zetu? Tulidai vyama, naam. Lakini chini ya dai la vyama kulikuwa na dai la zamani zaidi: kwamba mwananchi ahesabiwe, na hesabu yake isiibwe.

Sasa tazameni. Kura huuliza swali moja tu, nalo huulizwa kila baada ya miaka mitano: nani? Kura haiulizi maji yalitoka siku ngapi juma lililopita. Haiulizi mama aliyefika zahanati alfajiri aliondoka saa ngapi, na aliondoka na dawa au na karatasi. Baina ya kura na kura, mwananchi hugeuka mgonjwa wa methali yetu, yule asiyeulizwa uji: huletewa tu, na akilalamika huambiwa hana shukrani.

Katiba ya 2010 imeikataa hali hiyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne linaitwika serikali ya kaunti wajibu wa huduma za maji na maji machafu, uzoaji wa taka, taa za barabarani na zahanati. Kifungu cha 174 kinataja, miongoni mwa malengo ya ugatuzi, kuwapa wananchi uwezo wa kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Mwenye haki asipoulizwa kama haki yake imemfikia, haki hiyo hubaki wino.

Nehemia hakuishia kulia

Wanaosema kwamba sote tunayajua matatizo haya tunawakumbusha Nehemia. Alipopata habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia na kuomba. Lakini alipofika mjini hakuanza kwa hotuba. Alitoka usiku na watu wachache, akaizunguka kuta, akatazama palipobomoka na milango iliyoteketea. Ndipo alipozungumza na wakuu wa mji. Kila mtu Yerusalemu alijua kwamba kuta zimeanguka. Nehemia alitaka kujua zimeanguka wapi, na kwa kiasi gani.

Na wako walioyafanya haya katika siku zetu. Katika mji wa Bangalore, nchini India, kikundi cha raia wakiongozwa na mwanauchumi Samuel Paul kilichoshwa na huduma mbovu za mji wao. Mwaka 1993 walianza kufanya jambo jipya: kuwauliza wakazi, kisha kuzipa idara za mji alama, kama vile mwalimu anavyompa mwanafunzi kadi ya ripoti mwisho wa muhula. Kadi ilipotangazwa mwaka 1994, alama zilikuwa za kufedhehesha. Raia wale hawakuishia hapo. Waliuliza tena mwaka 1999 na mwaka 2003. Kadi ya pili ilionyesha nafuu ndogo. Ya tatu ilionyesha nafuu kubwa. Kadi ya kwanza peke yake ingekuwa malalamiko yenye takwimu. Kurudi kuuliza ndiko kulikowafahamisha wakuu wa idara kwamba mtihani huu utakuwa na mwaka mwingine.

Kwetu pia mbegu hiyo iliwahi kupandwa. Mwaka 2007 ilitangazwa kadi ya ripoti ya wananchi kuhusu maji, usafi na taka katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Iliungwa mkono na Programu ya Maji na Usafi iliyokuwa chini ya Benki ya Dunia, na mashirika ya kiraia yakashika usukani: KARA kule Nairobi, Ilishe Trust hapa Mombasa, na SANA kule Kisumu. Lakini tunauliza kwa upole: katika ukumbi huu, ni wangapi waliopata kuiona kadi ile kwa macho yao? Wangapi waliisikia ikisomwa msikitini, kanisani au barazani? Tujifunze kutokana na kimya chetu wenyewe.

Watu wanane

Huenda mtu akasema kwamba tafiti zipo tele, magazeti yamejaa asilimia. Tupigeni hesabu pamoja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika Kenya nzima. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na 1,208,333, na Mvita, yaani Kisiwa chetu, 154,171. Sasa chukueni utafiti wa taifa unaohoji watu 2,400, ambao ni wengi kwa kazi ya namna hiyo. Ukigawanywa kwa haki kulingana na idadi ya watu, Mombasa nzima itapata watu 61 hivi, na Kisiwa kitapata wanane. Wanane! Matatu ya abiria 14 haijajaa. Na hao wanane ndio watakaozungumza kwa niaba ya Mji wa Kale, Makadara, Majengo, Tononoka, Tudor, Shimanzi na Ganjoni.

Utafiti wa taifa haukufanya kosa, kwa kuwa haukutumwa kutueleza habari za Mvita. Tukitaka kujua habari za Mvita hatuna budi kuiuliza Mvita. Tukihoji watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu Kisiwani, makadirio yetu yatakosea kwa asilimia 5 hivi juu au chini. Lakini Mvita ina wadi tano, na kila wadi itakuwa na watu 80 tu. Hapo makosa hupanda hadi asilimia 11. Tukiambiwa kwamba nusu ya wakazi wa Tudor hawaridhiki na maji, ukweli waweza kuwa popote kati ya 39 na 61 kwa mia, na wakili yeyote wa upande wa pili atauvunja ushahidi huo kabla ya saa nne za asubuhi. Tukihoji watu 1,000, yaani 200 kila wadi, makosa ya wadi hushuka hadi asilimia 7, na ya Kisiwa kizima hadi 3. Hapa ndipo kampuni inapostahili ujira wake: kuchagua watu bila upendeleo, kuwafundisha wahojaji na kuichambua hesabu. Hatuna ujuzi huo, na si aibu kukiri.

Swali, mlango na hofu

Lakini kuna ujuzi ambao kampuni haina, nao unakaa katika ukumbi huu.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata kuisoma ripoti ya ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja. Ilijigamba kwamba wengi wa wananchi waliohojiwa waliridhika na huduma. Tulipouliza walihojiwa wapi, tukaambiwa: katika foleni ya ofisi ile ile, na wafanyakazi wa ofisi ile ile. Yaani waliulizwa wale tu waliokuwa bado na tumaini la kuhudumiwa, tena wakaulizwa na mtu aliyeishika faili yao. Waliokata tamaa wakarudi nyumbani hawakuulizwa. Hakuna aliyesema uongo katika ripoti ile. Uongo ulikuwa katika mahali pa kuulizia.

Kwa hiyo tufikirie mlango. Nyumba moja ya Mji wa Kale yaweza kuwa na ngazi moja na jamaa nne, kila mmoja na jiko lake. Mhojaji asiyeujua mji atabisha mlango mmoja, amhoji mwenye nyumba chini, ahesabu kuwa amemaliza. Mpangaji wa ghorofa ya pili, ambaye maji hayapandi hadi kwake, hatahesabiwa. Akija asubuhi atawakuta akina mama, na wanaume wako bandarini na madukani. Akija jioni atawakuta wanaume barazani, nao watajibu kwa niaba ya nyumba ambayo hawaichotei maji. Akija Ijumaa adhuhuri au Jumapili asubuhi hatampata mtu. Anayejua dumu la lita 20 limenunuliwa kwa shilingi ngapi kwa mwenye mkokoteni ni yule aliyelilipia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tufikirie pia hofu. Katika Mombasa yetu wako wenye nyumba wasio na ardhi: kuta ni zao, kiwanja ni cha mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo akiona mgeni mwenye karatasi akiuliza choo kiko wapi na maji machafu humwagwa wapi, moyo wake humwambia kwamba nyuma ya karatasi hiyo iko notisi ya kubomolewa. Atajibu kwamba kila kitu ni chema, Alhamdulillahi. Kampuni itaandika: ameridhika. Hapo ndipo padri, imamu na mama wa kikundi wanapohitajika. Hawatakwenda kujibu kwa niaba yake. Watamtangulia mhojaji na kueleza wageni hawa ni nani, wametumwa na nani, na kwamba jina la mtu halitaandikwa pamoja na jibu lake.

Na tufikirie swali lenyewe. Ukimwuliza mkazi, “Je, unaridhika na huduma ya maji?” umemwuliza habari ya moyo wake, na moyo wa mtu aliyezoea shida huridhika na kidogo. Mwulize: katika siku saba zilizopita, maji yalitoka mferejini siku ngapi? Yalitoka saa ngapi, mchana au usiku wa manane? Yasipotoka, ulinunua madumu mangapi, kwa bei gani? Uliletewa bili mwezi huo? Ulilalamika wapi, ukajibiwa baada ya siku ngapi? Majibu ya namna hiyo hayabishaniwi kwa maneno. Tena yanaweza kuwekwa kando ya takwimu ambazo makampuni ya maji huzipeleka kila mwaka kwa bodi ya kuyasimamia. Kampuni ikidai saa kadhaa za maji kwa siku na wakazi 1,000 wakasema mengine, mdhibiti atakuwa na mashahidi wa pande mbili.

Lipo na jambo la nani alaumiwe. Maji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima na Marere, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, visima vya Tiwi. Anayeyaleta hadi mjini ni wakala mmoja, na anayeyagawa mitaani ni kampuni nyingine. Mkazi huona mfereji mkavu tu, na kila mmoja kati ya hao wawili humnyoshea kidole mwenzake. Hojaji yetu itenganishe maji yasiyofika mjini na maji yanayopotea mitaani, ama sivyo tutawapa wote wawili mlango wa kutorokea.

Mkataba

Sisi mawakili tuna ugonjwa wa kupenda mikataba, lakini safari hii mtuvumilie. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Ngozi yetu tutaivutia kwa wakazi kwa kutia sahihi haya kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Kwanza, makampuni matatu au zaidi yashindanishwe hadharani, na itakayopata kazi ihakikishe ina leseni ya utafiti inayotakiwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013.

Pili, hojaji iandikwe kwanza kwa Kiswahili, na isiwe tafsiri ya karatasi iliyoletwa kutoka kwingine. Ijaribiwe Mji wa Kale na Majengo, irekebishwe, ndipo kazi ianze. Nusu ya wahojaji wawe wanawake, wala asiwepo mfanyakazi wa kaunti, mjumbe wa chama chochote, wala mhojaji atakayetumwa mtaa anaoishi.

Tatu, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, majina na nambari za simu zitengwe na majibu, na ziharibiwe ukaguzi ukiisha. Asipewe mwanasiasa yeyote. Tusipewe hata sisi. Orodha ya wakazi wenye manung'uniko ni mali ya thamani wakati wa kampeni, na mwenye kuamini kwamba katika harakati zetu hakuna anayeitamani hatujui vizuri.

Nne, nyumba moja katika kila kumi irudiwe na mkaguzi asiye wa kampuni. Ikipatikana hojaji iliyojazwa chini ya mwembe, mtaa huo uhojiwe upya kwa gharama ya kampuni.

Tano, kila aliyetoa fedha, kanisa, mtu binafsi au mfadhili wa nje, atajwe katika ukurasa wa kwanza wa ripoti pamoja na kiasi alichotoa. Fedha ya mgombea yeyote isipokelewe. Na malipo ya mwisho ya kampuni yazuiliwe hadi itukabidhi ripoti na majibu yote ghafi yaliyoondolewa majina, ili mwanafunzi au mpinzani wetu aweze kuikagua hesabu yetu.

Sita, na hili ndilo tunalowaomba mlipigie kura leo: ripoti itangazwe yote, katika siku 30 tangu ipokewe, vyovyote itakavyosema.

Majibu tusiyoyapenda

Kipengele hiki cha sita kimezua ubishi kamatini, nasi tunajua kwa nini. Je, wakazi wakisema kwamba huduma moja tunayoishambulia kila siku imekuwa nafuu? Wakisema kwamba anayetupa taka mtaroni ni jirani yao, muumini wetu, na wala si kaunti? Wakisema hawajapata kusikia jina la harakati hizi? Ndugu mmoja alituambia kwa nia njema kabisa kwamba majibu ya namna hiyo tuyaweke kabatini, tusimpe adui silaha.

Twamheshimu, lakini tunakataa. Mlolongo wa 1988 uliharibiwa na watu waliosadiki kwamba hesabu ya kweli ingempa adui silaha. Tukificha jibu moja la mkazi wa Kibokoni kwa kuwa halitupendezi, tutakuwa tumeiba kura yake. Tofauti ni kwamba sisi tutakuwa tumeiiba kwa sala.

Wapelelezi kumi na wawili walitumwa kuitazama nchi moja. Wote waliona matunda yale yale na ngome zile zile. Kumi walirudi na hofu zao, wawili wakarudi na imani, na taifa zima likalipa kwa miaka arobaini jangwani. Utafiti humfunua anayeupokea kama unavyoufunua mji.

Na siku tutakapoitangaza ripoti yetu, tuanzie pale tulipouliza, ndipo tuwaalike wakuu. Isomwe kwa Kiswahili katika wadi zote tano, kanisani, msikitini na barazani, mkazi aone jibu lake limefika. Kisha tuipeleke kwenye bunge la kaunti, ambalo kifungu cha 196 kinalitaka liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Papo hapo tuombe kwa maandishi, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tafiti zote ambazo kaunti imezilipia kuhusu huduma hizi. Sheria inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Sisi tutakuwa tumefungua kabati letu. Tutakuwa na uso wa kuwaomba wafungue lao.

Kisha, baada ya miaka miwili, turudi kubisha milango ile ile.

Bwana Mwenyekiti, hoja iko mbele ya mkutano. Tunaomba iungwe mkono na vipengele vyake vyote sita. Na kama hamkuwa tayari kukipitisha cha sita, basi tunawaomba kwa heshima muiangushe hoja yote, na fedha za michango zirudishwe kwa waliozitoa.

Mungu aubariki Mji huu.